Kujivua gamba kwa nyoka

Kujivua gamba ni tendo la nyoka kuachana na tabaka la juu la ngozi yake baada ya tabaka jipya kukamilika chini yake. Nyoka mwenye afya hulivua gamba lote kwa mara moja, kuanzia midomoni hadi ncha ya mkia, kama mtu anayevua soksi kwa kuigeuza ndani nje. Mijusi pia hubadilisha ngozi, lakini wengi wao huitoa vipandevipande.

Kwa nyoka wa porini tendo hili hupita bila kuonwa na mtu. Kwa nyoka anayefugwa, awe katika bustani ya nyoka, kwenye kikundi cha ngoma au kwenye kasha la kioo nyumbani, ndiyo siku ambayo mfugaji huona kama amemtunza vizuri au vibaya. Gamba lililokwama linaweza kumpotezea nyoka ncha ya mkia na hata jicho.

Ngozi ya nyoka

Ngozi ya nyoka ina sehemu kuu mbili. Ya ndani ina mishipa ya damu, neva na chembe zenye rangi. Ya nje imejengwa kwa keratini, protini ileile iliyomo katika kucha na nywele za binadamu. Magamba tunayoyaona si vipande vilivyobandikwa mwilini kama magamba ya samaki. Ni mikunjo minene ya ngozi hiyo ya nje, na kati ya gamba na gamba kuna ngozi nyembamba inayojikunja na kujikunjua. Ndiyo maana nyoka anaweza kumeza panya mnene kuliko kichwa chake, na ndiyo maana pia gamba lililovuliwa huwa refu kuliko mwenye nalo: mikunjo yote imenyooka. Anayeokota gamba la mita 2 asiseme amepakana na nyoka wa mita 2.

Tabaka hilo la nje likishaunda keratini huwa limekufa. Haliwezi kukua pamoja na mwili, na huchakaa kwa kusuguana na mawe, mchanga na matawi. Kwa hiyo chini yake hujengwa tabaka jingine kamili. Likiwa tayari, majimaji huingia katikati ya matabaka mawili na vimeng'enya huyeyusha kile kilichoyashikanisha. Rangi nyingi hubaki katika ngozi ya ndani, hivyo gamba lililovuliwa huwa jeupe au la kijivu, ingawa madoa ya mgongoni mara nyingi huonekana kwa mbali.

Nyoka hana kope za kufumba na kufumbua. Jicho lake hufunikwa na gamba moja la duara linalopitisha mwanga kama kioo, nalo huvuliwa pamoja na mengine. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu makosa mengi ya wafugaji hufanyika hapo.

Dalili na hatua zake

Dalili ya kwanza ni rangi kufifia. Madoa hupoteza ung'avu na tumbo huwa na weupe wa maziwa au wekundu hafifu kwa nyoka wa aina fulani. Baada ya siku chache macho huingia ukungu wa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Huo ni ule umajimaji kati ya gamba la zamani la jicho na jipya. Wakati huu nyoka haoni vizuri, hujificha, hukataa chakula na huwa mwepesi wa kuuma, hata yule aliyezoea mikono ya watu. Hajageuka kuwa mkali, ameshtuka tu.

Kisha macho hung'aa tena. Mfugaji mgeni hudhani kazi imekwisha, kumbe gamba bado halijatoka. Siku chache baadaye nyoka husugua pua na midomo kwenye jiwe, gome au ukingo wa bakuli la maji mpaka gamba lipasuke pembeni mwa mdomo. Akishapata mwanzo huo hupenya kwenye vitu vyenye kukwaruza, naye hutoka ndani ya gamba huku likibaki nyuma. Tangu rangi kufifia mpaka gamba kutoka huchukua kwa kawaida wiki 1 hadi 2.

Hakuna idadi moja ya mara anazojivua kwa mwaka. Mtoto wa nyoka hujivua mara ya kwanza katika wiki mbili hivi za mwanzo tangu kuanguliwa, kisha huweza kurudia kila wiki 4 hadi 6 kwa kuwa anakua haraka. Mkubwa hukaa miezi kadhaa. Anayekula vizuri na kuishi kwenye joto hujivua mara nyingi zaidi, na mwenye jeraha huweza kuharakisha, kwani kila ngozi mpya hupunguza kovu. Anayejivua mara kwa mara bila kukua achunguzwe.

Kwa nini gamba hukwama

Sababu ya kwanza, na inayoongoza kwa mbali, ni ukavu: hewa kavu, au nyoka mwenyewe kupungukiwa maji mwilini. Majimaji yanayotenganisha matabaka yakiwa machache, gamba hushika kama karatasi iliyokaukia gundi na hutoka vipandevipande.

Sababu nyingine ni utitiri wa nyoka, mdudu mdogo mweusi afananaye na punje ya baruti, anayejificha chini ya magamba na kuzunguka macho. Kuna pia makovu ya zamani, lishe duni, joto dogo mno, maradhi ya ndani, na kasha lisilo na kitu chochote cha kujisugulia. Nyoka aliyewekwa kwenye ndoo laini ya plastiki anaweza kuwa na maji tele na bado akashindwa kupata pa kuanzia. Kumshikashika wakati macho yana ukungu pia huharibu, maana ngozi mpya bado ni laini na ile ya juu huchanika kabla ya wakati.

Watu wa Pwani huweza kujiuliza ukavu unatoka wapi. Kipawa, kata ya Ilala iliyo karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ina hewa ya unyevu kama sehemu nyingine za Dar es Salaam, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei. Lakini nyoka haishi katika hewa ya mtaa, anaishi katika hewa ya kasha lake. Chumba chenye kiyoyozi hukauka hata kama nje nguo hazikauki. Kasha lililowekwa chini ya bati bila dari hupata moto mchana, na taa ya kupashia joto huongeza ukavu. Feni inayopuliza moja kwa moja juu ya wavu nayo hukausha. Dodoma, Singida na Shinyanga wakati wa kiangazi tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa hata hewa ya nje ni kavu.

Kuzuia kabla ya kutibu

Nyoka wengi hawahitaji mkono wa mtu kabisa. Wanahitaji mazingira yanayofaa, kisha waachwe.

Bakuli la maji liwe pana kiasi cha nyoka kujikunja ndani yake, na maji yabadilishwe kila siku. Kasha liwe na jiwe lenye mikwaruzo, kipande cha gome au tawi kavu lisilo na ncha kali. Kipimaunyevu, ambacho ni kifaa kidogo, huondoa ubishi wote: chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye hufugwa sana Marekani na Ulaya, hutunzwa kwenye unyevu wa asilimia 50 hadi 60, na huongezewa kufikia 70 hivi anapokaribia kujivua. Nyoka wa nchi kavu kama yule mdogo mnene wa mchangani, Eryx colubrinus, anayepatikana Kenya na kaskazini mwa Tanzania, huhitaji unyevu mdogo kuliko huo. Kumwekea kasha lote tepetepe ni kumuumiza.

Njia iliyo salama kwa karibu aina zote ni kumpa maficho yenye unyevu ndani ya kasha lililo kavu. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, toboa tundu la kumtosha nyoka kuingia, lainisha kingo za tundu hilo, kisha jaza nusu yake kitu kinachoshika maji. Ulaya na Marekani hutumia kuvumwani wa dukani. Huku Pwani makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuoshwa hufanya kazi hiyo vizuri, na bei yake ni nguvu za mikono tu. Yaloweke, yakamue mpaka yasichuruzike, uyatie ndani. Nyoka ataingia mwenyewe anapohitaji na kutoka akitosheka. Makumbi yabadilishwe kabla hayajaota ukungu.

Kosa la kinyume ni kunyunyiza maji kila saa mpaka sakafu ya kasha iwe matope. Nyoka akilala siku nyingi kwenye uchafu wenye maji hupata malengelenge na vidonda chini ya magamba ya tumbo, ugonjwa unaoweza kumuua kuliko gamba lenyewe. Unyevu uwe hewani na kwenye maficho. Mahali pa kulala pawe pakavu.

Gamba likishakwama

Kabla ya kufanya lolote, likague gamba lililotoka. Lifunue polepole kuanzia kichwani. Gamba kamili lina vioo viwili vidogo vya macho na ncha ya mkia iliyofungika. Vikiwapo vyote, tatizo halipo, hata kama gamba lilitoka vipande viwili. Kikikosekana kimoja, kitafute mwilini mwa nyoka.

Ikiwa vipande vimebaki mgongoni au tumboni, nyoka asiye na sumu huwekwa katika chombo chenye mfuniko uliotobolewa, ndani mkiwa na maji ya uvuguvugu wa nyuzi 28 hadi 30 za sentigredi. Maji yasizidi unene wa mwili wake, aweze kuinua kichwa bila kuogelea. Mkono wa mtu si kipimo kizuri cha joto, kwa kuwa maji ambayo sisi tunayaona ya kawaida ya kuogea yanaweza kumuunguza nyoka. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Asiachwe peke yake. Nyoka mchovu anaweza kuzama kwenye maji ya vidole vitatu.

Baada ya hapo atiwe kwenye taulo au kipande cha kanga ya zamani iliyoloweshwa na kukamuliwa, mfugaji akishika kitambaa kwa ulegevu na kumwacha nyoka apite mwenyewe katikati. Kitambaa hushika gamba, nyoka huendelea mbele. Kinachofanya kazi ni mwendo wa nyoka, si mvuto wa mtu. Kipande kisichotoka kwa njia hii kiachwe, na zoezi lirudiwe kesho yake. Kukibandua kwa kucha ni kubandua pia ngozi mpya iliyo chini yake, na hapo bakteria hupata mlango.

Mafuta ya nazi, mafuta ya kula na losheni za watu hutajwa sana kama dawa. Hayahitajiki. Huziba, hukusanya vumbi na hayaongezi maji kwenye gamba. Dawa za kopo za kuulia mbu na mende zisipulizwe kamwe kwenye kasha kwa nia ya kuua utitiri, kwani hudhuru mfumo wa neva wa nyoka mwenyewe.

Mkia ndio unaodai haraka. Pete ya gamba kavu ikibaki kwenye ncha, hukauka na kubana kama uzi uliofungwa kidoleni. Pete ya pili ikikaa juu ya ya kwanza kwenye mzunguko unaofuata, damu haifiki tena. Ncha huwa nyeusi, hukauka na kudondoka. Kwa hiyo ncha ya mkia iloweshwe kila siku, hata kama sehemu nyingine zote ziko safi, mpaka pete ilegee na kuteleza yenyewe chini ya kidole gumba kilicholowa.

Jicho ni kinyume chake: lenyewe linadai subira. Gamba la jicho likibaki, jicho huonekana lina mikunjo au ukungu baada ya mwili wote kung'aa. Wafugaji wengi wamewapofusha nyoka wao kwa kutumia kibanio cha nyusi au utepe wa kunata. Hatari ni kwamba gamba la zamani na lile jipya hutoka pamoja, na jicho lisilo na gamba hilo hukauka na kuharibika bila kupona. Isitoshe, si rahisi kwa mtu asiye na darubini kujua kama kweli kuna gamba lililobaki, au jicho limebonyea tu kwa kukosa maji. Ushauri ni kuongeza unyevu, kumpa maji, na kusubiri mzunguko unaofuata, ambao mara nyingi hutoa magamba yote mawili kwa pamoja. Jicho likivimba, likitoa usaha, au ukungu ukibaki baada ya mizunguko miwili, aitwe daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa reptilia.

Nyoka mwenye sumu

Hakuna hata moja kati ya hatua za kushika zilizotajwa inayofaa kwa fira, kifutu au nyoka mwingine mwenye sumu nyumbani. Anapokuwa na ukungu machoni huwa mwepesi zaidi wa kupiga, na fira atemaye mate hulenga uso. Wataalamu humwongoza nyoka kwa ndoano hadi kichwa kiingie katika bomba la plastiki lenye upenyo mdogo asiloweza kugeukia ndani, ndipo mtu mwingine hushughulikia mwili. Hiyo ni kazi ya watu wawili waliofunzwa, na mara nyingi hata wao huchagua kuongeza unyevu tu.

Nchini Tanzania nyoka wa porini ni wanyamapori wanaolindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwakamata au kuwafuga bila kibali ni kosa. Chatu wote wamo pia katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara yao. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, biashara ambayo awali ilihusisha pia nyoka na mijusi wengi.

Ufugaji katika Afrika Mashariki

Kufuga nyoka kama mwenza wa nyumbani si desturi ya watu wengi katika ukanda huu. Wengi walio kifungoni wako kwenye maonyesho. Bustani ya nyoka ya Nairobi, iliyo kwenye viwanja vya Makumbusho ya Taifa, ilifunguliwa mwaka 1961. Ile ya Meserani, kando ya barabara ya Arusha kwenda Dodoma, ilianza mwaka 1993 na ina zahanati inayotibu walioumwa na nyoka. Bio-Ken ya Watamu, kwenye pwani ya Kenya, ilianzishwa mwaka 1980 na James Ashe. Kabla yao kulikuwa na C. J. P. Ionides, ofisa wanyamapori wa Tanganyika aliyeishi muda mrefu Liwale, ambaye alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa nchi na kuwapeleka kwa watafiti na bustani za wanyama mpaka karibu na kifo chake mwaka 1968.

Miongoni mwa Wasukuma kuna chama cha Bayeye, ambacho wanachama wake ni wajuzi wa nyoka na wa dawa za kuumwa na nyoka, nao hucheza ngoma wakiwa na nyoka, hasa chatu. Chatu anayechezeshwa juani na vumbini yuko katika hatari ileile ya ukavu iliyoelezwa hapo juu, na mwenye macho ya ukungu anapaswa kupumzishwa mpaka amalize kujivua.

Gamba lililookotwa nyumbani

Kwa watu wengi wa Dar es Salaam, mkutano wao na jambo hili hautokei kwenye kasha bali nyuma ya nyumba: gamba limenasa kati ya matofali yaliyopangwa, kwenye rundo la mbao au chini ya tangi la maji. Gamba lenyewe halina sumu na halidhuru likishikwa, ingawa ni vyema kunawa mikono baadaye, kwa kuwa reptilia hubeba bakteria wa salmonela.

Gamba linaweza kusomwa. Kifutu ana magamba ya mgongoni yenye mwinuko mwembamba katikati, yanayokwaruza yakipapaswa, na kichwa chake kimefunikwa na magamba madogo mengi. Chatu ana safu nyingi sana za magamba madogo laini. Nyoka wa nyumba wa jenasi Boaedon, asiye na sumu na mla panya, ana magamba laini na mabamba makubwa kichwani. Hapa ndipo penye mtego: fira naye ana magamba laini na mabamba makubwa kichwani. Kwa hiyo gamba laini halithibitishi kwamba nyoka hana sumu. Lihifadhiwe kavu ndani ya bahasha, likiwa na kichwa na mkia, lionyeshwe kwa mtaalamu anayeweza kuhesabu safu.

Gamba likiwa bado laini na lenye unyevunyevu, nyoka amepita karibuni, pengine usiku huohuo. Likiwa kavu na linavunjika, yawezekana lina wiki kadhaa. Katika hali zote mbili cha kuondoa ni kile kilichomvuta: panya, takataka na marundo ya vifaa vya ujenzi karibu na ukuta.

Katika lugha na simulizi

Jamii nyingi ziliona katika tendo hili siri ya kutokufa. Waoromo wa Ethiopia na Kenya husimulia kwamba Mungu alimtuma ndege awaambie binadamu kuwa wakizeeka watavua ngozi na kurudi ujanani. Njiani ndege alimkuta nyoka akila mzoga, akauza ujumbe ule kwa kipande cha nyama, na tangu hapo nyoka hujivua na binadamu hufa.

Katika siasa za Tanzania msemo wa kujivua gamba ulivuma mwaka 2011, Chama cha Mapinduzi kilipoutumia kuelezea nia ya kujisafisha na tuhuma za ufisadi. Julai ya mwaka huo Rostam Aziz alijiuzulu ubunge wa Igunga. Kibiolojia mfano huo una kasoro yake, kwa sababu anayetoka ndani ya gamba ni nyoka yuleyule mwenye meno yaleyale, na baada ya siku chache huanza tena kutafuta chakula.